Sindano ya wavu nyumbani: kinachotoka mlangoni na kinachoingia



Majuma machache yaliyopita, tulipokuwa tukitoka kwenye mkutano wa kikundi kule Manika, mama mmoja alitushika mkono akasema: «Mama Mwalimu, kila mara mnatufundisha maandazi na sabuni. Katika avenyu yetu wauza maandazi wamekuwa wengi kuliko walaji. Hakuna kazi nyingine ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani na watoto?»

Tulicheka wote, lakini swali lilikuwa la kweli. Leo tunalijibu. Kazi ipo: kutengeneza vyombo vya wavuvi vilivyoharibika, na kwanza kabisa nyavu. Tunajua nyumba moja hapa Kolwezi ambamo kazi hiyo ilinunua makaye na viatu vya shule. Katika nyumba hiyohiyo sisi wenyewe tulitoa shauri baya, na karibu watoto walipe bei yake. Tutawaambia yote mawili, kwa sababu moja bila lingine si fundisho.

Kwa nini nyavu, hapa kwenye shaba

Mtu akisikia Kolwezi anawaza shaba na kobalti. Lakini tusisahau kwamba tunakaa karibu na maji. Mto Lualaba ulizibwa katika miaka ya 1950 ili utoe umeme kwa ajili ya migodi, na nyuma ya ukuta ule likazaliwa Ziwa Nzilo. Wazee bado wanaliita Delcommune. Wavuvi wake wanatuletea tilapia na kambale sokoni, na siku ambazo hawakupata kitu tunakula tomson wa friji aliyetoka mbali. Mto ukiendelea chini unafika Bukama, halafu maziwa ya Upemba na Kisale, ambako familia nyingi za hapa mjini zina asili yao.

Wavu ni chombo cha gharama kwa mvuvi, na unaharibika kila juma. Mti uliozama unaurarua, mamba anaupasua, samaki mkubwa anapita nao. Mvuvi anayetoka majini alfajiri amechoka, tena anataka kurudi jioni. Akipata mtu wa kumshonea wavu mchana, atamlipa. Kazi hiyo haitaki umeme wala mashine wala nyumba kubwa. Inataka sindano ya mti, uzi, kisu kidogo, macho na uvumilivu. Inaweza kusimamishwa mtoto akilia na kuendelea mtoto akilala. Maandazi hayakubali hivyo, maana mafuta yakishachemka hayakungojei.

Tena ina majira yake. Upande wa Zambia, kwenye Ziwa Mweru, serikali inafunga uvuvi kila mwaka tangu 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazae. Mahali popote ambapo uvuvi umefungwa au maji yamechafuka kwa mvua, nyavu zinakaa nchi kavu, na huo ndio wakati wa fundi. Mama anayetaka kuanza asingoje mwezi wa nne. Aanze kutafuta wateja mvua zinapoanza.

Yaya wa Musonoi

Mama tunayemsema hapa anakaa Musonoi. Ni mkubwa kwetu, ndiyo maana tunamwita yaya. Alikulia Bukama, binti wa mvuvi, na tangu akiwa na miaka minane alikuwa akishika sindano ya wavu pembeni ya baba yake. Alipoolewa na kuja mjini aliiacha, akidhani ni kazi ya kijijini. Bwana wake alikuwa mchimbaji wa mkono. Shimo walilokuwa wakichimba likafungwa, akakaa miezi bila feza. Watoto watatu walikuwa shuleni. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bila malipo tangu 2019, lakini makaye, biki, viatu na yunifomu hazikuwa bure hata siku moja. Sisi tulianza kuona mtoto wake wa kati hayupo darasani siku mbili katika juma. Tulipouliza, wenzake walisema amekwenda kuosha mawe mtoni.

Tulikwenda nyumbani kwao. Yaya hakutaka kusema mengi. Lakini ukutani tuliona wavu umetundikwa, umeshonwa nusu, wa shemeji yake anayevua Nzilo. Tukamuuliza: «Yaya, hii anakulipa ngapi?» Akajibu: «Ananiletea samaki.» Wangapi? Siku nyingine wanne, siku nyingine mmoja, siku nyingine neno la shukrani.

Hapo ndipo tulianza naye. Haya yafuatayo ni yale aliyotufundisha yeye ya mikono, na yale tuliyomfundisha sisi ya kaye.

Mambo ya mikono

Kwanza jua uzi. Kwenye kibandiko cha wavu au cha uzi wa nailoni mtaona namba kama 210/2, 210/3, 210/6 au 210/9. Namba ya kwanza ni unene wa uzi mmoja: metre 9 000 za uzi huo zina uzito wa gramu 210. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Kwa hiyo 210/9 ni nene kuliko 210/3. Wavu utengenezwe kwa uzi wa namba yake. Ukishona wavu mwembamba kwa uzi mnene, samaki atauona, na fundo nene litakata nyuzi nyembamba zilizo jirani.

Pili jua jicho. Jicho la wavu linapimwa likiwa limevutwa, toka fundo mpaka fundo linalolielekea. Ukipima sentimeta 8, kata kibao bapa chenye upana wa sentimeta 4, yaani nusu. Ukizungusha uzi mara moja kwenye kibao hicho kabla ya kufunga fundo, macho yote yatatoka sawa. Mvuvi anatambua fundi kwa macho yaliyo sawa.

Tatu, usishone tundu kabla ya kulisafisha. Wengi wanakosea hapa. Tundu lililoraruka lina ncha nyingi zinazoning'inia. Kata kwa kisu mpaka libaki fundo moja la kuanzia, lenye nyuzi tatu zinazotoka, na fundo moja la kumalizia, nalo lenye nyuzi tatu. Mafundo yote mengine yanayozunguka tundu yabaki na nyuzi mbili. Ukifanya hivyo, uzi wako utaanza mahali pamoja na kuzunguka safu kwa safu mpaka mwisho bila kukatika. Usipofanya hivyo, utafika katikati na kukuta jicho moja halina mwenzake. Ndiyo, tundu linakuwa kubwa kwanza kabla ya kuzibwa. Mwanafunzi anaogopa kukata, fundi haogopi.

Nne, nailoni inateleza. Vuta kila fundo kwa nguvu mpaka likae, na mwisho wa kazi funga mara mbili.

Tano, kupachika wavu kwenye kamba. Siyo kushona tu, mvuvi anaweza kukuletea wavu mpya usio na kamba. Kawaida nzuri kwa nyavu za kutega ni nusu: wavu wa metre 100 uliovutwa unapachikwa kwenye kamba ya metre 50. Hapo macho yanafunguka vizuri. Ukiunyosha mno, macho yanajifunga na samaki anagonga anarudi. Ukiulegeza mno, wavu unajisokota. Kamba ya juu inawekewa maboya, na sapatu kuukuu zilizokatwa vipande zinafanya kazi hiyo vizuri. Kamba ya chini inawekewa uzito. Shikeni neno hilo, uzito, tutalirudia.

Na wale waliotuuliza juu ya mulinee, ile mashine ndogo ya kuzungushia uzi kwenye fimbo ya kuvulia: ndiyo, mama mwenye mkono mtulivu anaweza kuitengeneza nyumbani. Mara nyingi haijavunjika. Ina mchanga ndani, au grisi ya zamani imekauka. Tandika kitambaa cheupe, piga foto kwa simu kila unapotoa kipande, panga vipande kwa mstari jinsi vilivyotoka. Safisha meno ya gurudumu kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo ya taa, mbali na mbabula. Kausha, tia grisi mpya kwenye meno, tone moja la mafuta pale uzi unapopita. Vile vibati vya breki usivitie mafuta bila kujua vimetengenezwa kwa nini, maana vingine vikilowa mafuta havishiki tena samaki. Lakini tuseme wazi: hapa kwetu wenye mulinee ni wachache, na wenye nyavu ni wengi. Anza na nyavu. Mulinee itakuja yenyewe watu wakishajua jina lako.

Mambo ya kaye

Yaya hakuwa na kaye. Tulimpa moja ya shule, tukachora safu: tarehe, jina la mteja, uzi uliotumika, saa zilizotumika, feza iliyolipwa, deni lililobaki. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Wavu mmoja umekula uzi wa franka 3 000 na mshumaa wa kuchomea ncha wa franka 500. Mvuvi amelipa franka 8 000. Mtu anasema: nimepata elfu nane. Hapana. Toa 3 500, zinabaki 4 500. Kama ulikaa saa sita, umepata franka 750 kwa saa moja. Sasa unaweza kujiuliza kama inatosha, na unaweza kumwambia mteja kwa nini bei ni ile.

Kama analipa kwa samaki, haina ubaya, watoto wanakula samaki. Lakini pima samaki kwa bei ya soko ya siku ile, uandike kama feza. Shemeji alipoona kaye imeandikwa, alinyamaza kidogo, halafu akasema: «Kumbe nina deni.» Hakukasirika. Wengi hawatunyimi kwa roho mbaya. Wanatunyima kwa sababu sisi wenyewe hatukuhesabu.

Sindano, uzi wa kwanza na kamba zilinunuliwa kwa likelemba ya kikundi. Tulipanga yaya apokee wa pili, si wa mwisho. Kuhusu sheria, wamama wengine bado wanaambiwa kwamba mke hawezi kuweka sahihi bila ruhusa ya bwana. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika Sheria ya Familia ya 1987. Sheria hiyo ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016. Leo inasema kwamba mume na mke wanapaswa kusikilizana juu ya mikataba wanayojifunga nayo, na hilo ni la wote wawili, siyo la mke peke yake kuomba. Kwa hiyo ongea na bwana wako kama mwenzako wa nyumba. Kazi ikikua mpaka kuweka kibao mlangoni, ulizeni kwenye komini yenu, Dilala au Manika, habari ya patanti ya biashara ndogo, kabla mtu hajaja kuwauliza ninyi.

Baada ya miezi mitatu yaya alikuwa na wateja sita. Mtoto wa kati alirudi darasani, akakaa kwenye benchi ya mbele. Tulifurahi. Ndipo tukakosea.

Shauri letu baya

Kaye ilionyesha kwamba kushona tundu kunachukua saa nyingi kwa feza kidogo, na kupachika wavu mzima kunachukua saa chache kwa feza nyingi. Wateja walitaka wavu uliokamilika, pamoja na uzito wa chini. Sisi ndio tuliosema: «Yaya, ongeza na uzito. Utapata zaidi.» Hatukuuliza atautoa wapi. Tulitazama hesabu tu.

Siku ya posho moja tulipita kumsalimu. Tulisikia harufu kabla ya kufika mlangoni. Kwenye mbabula, nyuma ya nyumba, palikuwa na sufuria kuukuu, na ndani yake kitu kinang'aa kama maziwa ya fedha. Pembeni zililala batri mbili za gari zilizopasuliwa. Yaya alikuwa akiyeyusha plombu, ile risasi nzito na laini iliyo ndani ya batri, na kuimimina kwenye vijishimo vya udongo. Mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka miwili, alikuwa ameketi chini akipanga vijiwe vya plombu kama anavyopanga maharage. Kimoja kilikuwa mdomoni.

Tulikitoa mdomoni. Tukamwambia yaya azime moto. Alitutazama kwa mshangao, akasema: «Mama Mwalimu, ni ninyi mlionituma. Na feza ya makaye ya muhula huu imetoka katika sufuria hii.» Hatukuwa na jibu. Alisema kweli.

Wamama, sikieni vizuri. Plombu inayeyuka kwa moto wa nyuzi 327 tu, na mbabula ya makala inapita hapo kwa urahisi. Ndiyo maana watu wanadhani ni kazi nyepesi. Lakini moshi wake na vumbi lake vinaingia mwilini kwa pua na kwa mdomo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plombu katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto anayekua, na mtoto mdogo anainyonya mwilini zaidi kuliko mtu mzima. Inajificha ndani ya mifupa miaka mingi, na mama mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Mara nyingi haionyeshi dalili mapema. Mtoto anaonekana mzima, halafu shuleni hashiki somo, na sisi walimu tunamwita mvivu.

Hili halikuanza Kolwezi. Katika nchi ya Senegal, pembeni ya Dakar, kuna mji wa wavuvi unaoitwa Thiaroye-sur-Mer. Huko wahunzi walizoea kwa miaka mingi kutoa plombu katika batri na kuifanya uzito wa nyavu, kama yaya. Baadaye bei ya plombu ilipanda, na wamama wakaanza kuchekecha mchanga wa mahali pale ili wauze mabaki, wengine wakiupeleka nyumbani. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa. Walikuwa watoto wa wamama waliokuwa wakitafuta chakula chao, kama sisi.

Na sisi wa hapa hatuhitaji kwenda mpaka Senegal ili tuelewe. Tunaijua Kasulo. Mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba ndani ya viwanja, hata ndani ya vyumba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa pale, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni na damuni kuliko watu wa kartie ya jirani ambako hakukuchimbwa. Kazi ilikuwa imeingia nyumbani, na nyumba ikawa mgodi. Tulilaumu wachimbaji. Halafu sisi, kwa kaye nzuri na safu zilizonyooka, tulimsaidia yaya kufanya jambo lilelile. Kaye yetu ilikuwa na safu ya uzi, safu ya saa na safu ya feza. Haikuwa na safu ya kile kinachoingia mdomoni mwa mtoto.

Tulivyofanya baadaye

Siku ileile batri na plombu yote vilitoka nyumbani. Sufuria ile haikurudi jikoni. Iligongwa msumari chini ili mtu asije akaichukua kupikia. Tulimwagia maji mahali pale kabla ya kugusa vumbi, tukakwangua udongo wa juu kwa jembe ukiwa umelowa, tukauweka ndani ya mifuko na kuuondoa penye watoto. Ndani ya nyumba tulipangusa kwa kitambaa chenye maji. Hatukufagia, kwa sababu ufagio unarusha vumbi hewani. Nguo za yaya zilifuliwa peke yake. Jirani alileta maziwa kwa ajili ya mtoto, nasi tulimshukuru, lakini tuseme ukweli: maziwa ni chakula kizuri, si dawa ya kuondoa plombu mwilini.

Tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya. Munganga alimpima, akamwona hana homa wala upungufu wa damu. Kituo kile hakikuwa na kipimo cha plombu katika damu. Alisema tumlete tena, na tumweleze kila munganga atakayemwona kwamba mtoto huyu alikaa penye plombu, asingoje kuulizwa. Tunafanya hivyo. Mtoto anacheza, anakula, anaongea. Bado tunamtazama.

Ilibaki swali la uzito. Wateja walikuwa wakingoja nyavu zao, na nyumba ilihitaji feza. Yaya mwenyewe ndiye aliyepata jibu. Alikumbuka kwamba kule Bukama bibi yake alitumia vidonge vya udongo vyenye tundu katikati, vilivyochomwa pamoja na vyungu. Si ajabu. Kule Sanga, ukingoni mwa Ziwa Kisale, wataalamu wamechimba makaburi ya kale tangu 1957, na wamekuta vyungu vingi vya watu waliokaa pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watu wa maji wa nchi yetu walijua udongo kabla ya batri kuwako duniani.

Yaya alisikilizana na mfinyanzi mmoja. Vidonge vinafinyangwa kama yai dogo, vinatobolewa kwa kijiti, vinakauka kivulini, vinachomwa na vyungu. Ni vyepesi kuliko plombu, kwa hiyo vinatakiwa vingi zaidi kwenye kamba, na vikubwa kidogo. Njia nyingine ni sementi iliyomiminwa kwenye vifuniko vya chupa pamoja na kipande cha kamba, au mawe madogo ya mto yaliyoshonwa ndani ya kitambaa kigumu.

Wavuvi walikubali? Wawili walikataa, wakampelekea fundi mwingine. Mmoja alisema: «Udongo utavunjika.» Yaya akamjibu: «Ukivunjika ndani ya siku thelathini, kaka, nitakuwekea kingine bure.» Vilivunjika vitatu. Akaviweka. Mvuvi yule bado ni mteja wake. Faida imepungua kuliko wakati wa plombu, hilo tunalisema bila kuficha. Lakini kaye sasa ina safu mpya, na yaya aliichora mwenyewe. Juu yake ameandika: kinachoingia.

Kabla hujaanza

Mama unayetaka kufanya kazi hii, au kazi yoyote ya nyumbani, kaa na kikundi chako mpitie maswali haya:

Mteja wangu wa kwanza ni nani, na analipa kwa feza au kwa samaki? Uzi nitaupata wapi, wa namba gani, kwa bei gani? Saa zangu nitaziandika wapi? Nyavu zitakaa wapi, mbali na mbabula na mshumaa, maana nailoni inashika moto na kudondoka ikiwaka? Ndoano na visu vitatundikwa wapi, juu ya mkono wa mtoto? Je, kazi hii inaleta nyumbani vumbi, moshi, asidi au mafuta? Kama mteja ameleta wavu ambao tayari una plombu, fanya kazi nje, usifunge plombu kwa meno kama wavuvi wengine wanavyofanya, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto au chakula. Usikubali kuiyeyusha kamwe, hata kwa bei gani.

Na mtu akikuletea chandarua, yaani mustikeri ya kitandani, akitaka umshonee wavu wa kukokota, mkatalie. Macho yake madogo yanachukua mpaka watoto wa samaki, na ile dawa iliyopakwa humo si ya kuingia katika maji tunayovua. Mwambie airudishe juu ya kitanda, malaria bado ipo.

Yule mama wa Manika aliyetushika mkono, jibu letu ndilo hili. Kazi ipo. Ukitaka kujifunza sindano, yaya amekubali kupokea wamama wanne kila siku ya posho mchana, kwa muda wa miezi miwili. Kila mmoja alete kisu kidogo, kibao chake na kaye moja. Asiyejua kuandika aje na binti yake wa shule, watajifunza wote wawili.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Msalimieni watoto.